Mguu wa kiatu, mguu wa suruali

Jana usiku Baba alilala mguu mmoja ukiwa nje ya shuka. Kidole gumba kimevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na hataki kiguswe na chochote, hata upepo wa feni. "Jongo tena," aliniambia saa nane usiku, kwa sauti ya mtu aliyegongewa mlango na mdai wake.

Wagiriki wa kale waliliita podagra. Pous ni mguu, agra ni kunasa, kama mnyama anavyonaswa mtegoni. Asubuhi nikimpa dawa na maji nilimweleza hayo, na kwamba ndani ya kiungo kile kumejikusanya fuwele za asidi ya yuriki zenye umbo la sindano. Akanitazama. "Sindano nazijua, mwanangu. Sijalala."

Haya ya Kigiriki yamenikaa kichwani kwa sababu ya kazi. Wiki nzima natafsiri kipeperushi cha ugonjwa uitwao podokoniosisi. Mara ya kwanza niliandika "matende" nikaenda zangu kunywa chai. Kosa kubwa. Matende tuliyozoea huletwa na minyoo ya filaria inayosambazwa na mbu. Huu hauna mnyoo wala mbu. Ni udongo mwekundu wa asili ya volkano, kwenye nyanda za juu kama za Ethiopia, ambako watu hulima miaka nenda miaka rudi bila viatu. Chembe ndogo za madini hupenya ngozi ya unyayo na kuharibu mishipa ya limfu, ile inayoondoa majimaji yaliyozidi mwilini, na kwa wale ambao miili yao kwa kurithi haizihimili, miguu huvimba kuanzia chini ikipanda. Aliyeupa jina ni Ernest Price, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Ethiopia: podos, ya mguu, konis, vumbi. Kinga yake ni viatu, maji na sabuni. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2011 tu, na hilo linaniudhi kila nikilisoma.

Basi nikafuta, nikaandika "ugonjwa wa kuvimba mguu kutokana na udongo". Mhariri akanirudishia na swali pembeni: "Mguu upi? Wa kuvaa kiatu au wa kuvaa suruali?" Nilicheka, halafu nikakwama kama saa nzima. Mguu wetu unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. Wayo ni chini tu, kisigino ni nyuma tu. Mwishowe nimeandika "kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini", maneno sita, na kipeperushi chenyewe kina kurasa mbili.

Nikiwa humohumo nikakutana na podositi, seli za figo zenye viguu vingi vinavyoshikana kuzunguka vimishipa vya damu na kuacha upenyo mwembamba wa kuchuja. Kumbe hata figo zina miguu. Ila ortopedi, yaani tiba ya mifupa na viungo, ambayo siku zote niliapa kuwa jina lake ni la miguu, haimo kabisa: Nicolas Andry, Mfaransa, aliliunda neno hilo mwaka 1741 kutokana na neno la Kigiriki la mtoto, akiwaza kunyoosha viungo vya watoto.

Jioni Baba kaomba kisu. Nikashtuka. Alikuwa ameshika kiatu chake cha msikitini, cha kulia, anataka kukitoboa mbele kidole kipate kupumua. Nimempa kandambili zangu.