Kimashine cha sukari kiliniumbua

Namba zote za sukari nilizitunga. Usiku wa kuamkia kliniki nilikaa kitandani na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, nikajaza daftari la mwezi mzima: 6.2, 7.1, 5.8, hapa na pale 11 ili majibu yasionekane mazuri kupita kiasi. Nilikuwa na miaka 19, minane kati ya hiyo nikiishi na kisukari aina ya kwanza.

Nesi hata hakulifungua daftari. Alichukua kimashine changu, akabofya kumbukumbu, akanigeuzia kioo. Mara ya mwisho kupima: siku 23 nyuma. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, ilikuwa asilimia 12.4. Nikakaa tayari kufokewa, kama kawaida. Akauliza, "Mwanangu, unapata usingizi?"

Nikaangua kilio.

Akanipa fomu ya PHQ-9 ya kupima sonona, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. La mwisho linauliza kama umewaza ni heri ufe. Nikaweka alama kwenye "siku kadhaa". Jumla 14 kati ya 27: sonona ya wastani. Hakuniruhusu kuondoka hadi nilipoonana na mwanasaikolojia, siku ileile. Mimi miezi yote hiyo nilijiita mvivu, maana uchovu na kulala ovyo huletwa pia na sukari ikipanda. Nani angeshuku?

Mwanasaikolojia hakunipangia makubwa. Wiki ya kwanza kazi ilikuwa moja: insulini isikatike, kwa sababu kwa sisi wa aina ya kwanza siku moja mbili bila sindano zinatosha kukulaza hospitali ukitapika na kuhema. Sindano ya usiku nikamwachia mama anitunzie muda: anakuja nayo, anakaa, nachoma.

Kuhusu mama palikuwa na kazi zaidi. Nilikuwa nikimwambia "Shikamoo", ananijibu "Marahaba, sukari ngapi?" Tulikubaliana aulize kwanza nimeshindaje. Siku za mwanzo alijisahau, akawa anajiziba mdomo kwa kiganja, tunacheka.

Baada ya miezi sita HbA1c ilishuka hadi 9.3. Lengo langu ni chini ya 7, bado sijafika, na kwa mwanasaikolojia bado naenda.

Jana nilipima, 16.9. Nikaiandika hivyohivyo, na pembeni yake: leo sikutaka kuamka.