Nilivyojenga Pantheon ya Roma kwa Lego, skeli 1:150

Watu wakiwaza kujenga majengo ya Warumi kwa Lego, zile tofali za plastiki za kuchezea, akili inakimbilia Colosseum, na kweli kampuni yenyewe ilitoa Colosseum mwaka 2020, vipande 9,036, kazi nzuri sana ile. Ila mimi moyo wangu uko Pantheon, lile hekalu la kale la Roma lenye kuba. Kwanza limesimama zima mpaka leo, hili tunaloliona lilijengwa enzi za mfalme Hadrian miaka ya 120 hivi, halafu mwaka 609 likageuzwa kanisa na hiyo ilisaidia sana lisiishie kubomolewa kama wenzake. Pili ni lile kuba, zege tupu bila nondo hata moja, na hakuna kuba lingine la aina hiyo duniani lililolizidi ukubwa. Kama umewahi kusimama saiti ukaona mafundi wanavyosuka nondo kabla ya kumwaga zege utaelewa kwa nini hili jengo halinitoki kichwani.

Sasa ishu kubwa kuliko zote ni skeli, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Tofali la Lego sio sawa pande zote, kutoka kinundu hadi kinundu (vile vya juu vinavyoshikanisha tofali) ni milimita 8 lakini kimo cha tofali ni 9.6, kwahiyo ukichora duara kwenye karatasi ya hesabu ukalisimamisha hivyohivyo kwa tofali linatoka yai. Na ndani ya Pantheon mpira kamili ungeenea, upana wa ndani ni kama mita 43.3 na kutoka sakafuni mpaka kwenye tundu la wazi la kileleni mwa kuba ni hizohizo 43.3, yaani ukikosa duara umekosa jengo lenyewe. Nikawa nagawa skeli moja baada ya nyingine mpaka nikafika 1:150, hapo mita 43.3 inakuwa milimita 288 na ushee kidogo. Gawa kwa 8 unapata vinundu 36. Gawa kwa 9.6 unapata kozi 30, yaani safu za tofali. Zote mbili namba kamili jamani! Nilifurahi sana, maana hapo hapo kila kitu kikakaa, kozi 15 za ukuta na kozi 15 za kuba, kinundu kimoja ni mita 1.2, ukuta wa mita 6 ni vinundu vitano, kwahiyo duara la nje ni vinundu 46 na linaingia vizuri kwenye sahani ya msingi ya 48 kwa 48.

Kuba nililipigia hesabu kwenye Excel, ni Pythagoras tu ile ya shule, kila kozi unatafuta nusu kipenyo chake. Ukiiangalia ile jedwali unaona kazi iko wapi. Kozi 5 za kwanza za kuba zinaingia ndani kinundu kimoja tu kwa jumla, raha mustarehe, lakini kutoka kozi ya 13 kwenda ya 14 unatakiwa uingie vinundu viwili na nusu kwa mpigo na chini hakuna kitu cha kushikilia. Hapo nikaacha tofali nikahamia vipande bapa, vile vyembamba ambavyo vitatu vinafanya kimo cha tofali moja, nikawa navipishanisha viungo kama fundi anavyopishanisha tofali kwenye kona, kila kimoja kinakaa juu ya viwili. Kinashika. Na cha kufurahisha hata Warumi walilipunguza kuba lao hivyohivyo, chini lina unene wa mita 6 na karibu na tundu limebaki mita 1.2 hivi, tena zege ya chini walichanganya mawe mazito na huko juu wakatumia mawe ya volkano yale mepesi yenye vitundu. Kwenye skeli yangu mita 1.2 ni milimita 8, vipande bapa vitatu vinazidi kidogo tu.

Kwa nje wao wenyewe waliweka ngazi za duara kuzunguka kuba, kwahiyo ngazi za Lego huku chini hazihitaji kufichwa, ndivyo lilivyo.

Kazi niliyoipenda zaidi ni vile vishimo vya mraba vya ndani ya kuba. Viko safu 5, kila safu 28, jumla 140. Sasa 28 haigawanyiki kwa 8, na ukuta wa chini umegawanywa sehemu 8, mlango na mashubaka makubwa 7 yaliyoingia ukutani, kwahiyo vya juu na vya chini havipangani isipokuwa kwenye pande kuu nne. Picha nyingi nilizoangalia sikuwahi kuliona hilo, nililiona nilipoanza kuweka tofali. Robo moja ina vishimo 7, nikijenga robo moja nairudia. Safu tatu za chini nimezichimba kweli, mbili za juu ni nyembamba mno nikaweka vipande vya rangi iliyokoza, na naona bora idadi iwe sahihi kuliko kulazimisha.

Jengo zima limekatika nusu kwa nusu kupitia katikati ya mlango, namba 36 inaruhusu, 18 huku na 18 kule, zimeshikwa na pini za Technic, vipande vya Lego vya kuunganishia sehemu. Bila hivyo nani angeona ndani?

Baraza la mbele lilienda haraka. Nguzo 16, nane mbele na nyingine nyuma yake, tofali za duara za kinundu kimoja zikipandana nane zinatoa urefu wa shina la nguzo, mita 11.8, karibu sawasawa. Nane za mbele nimeweka kijivu, za nyuma pinki, maana granaiti yenyewe ilitoka Misri ya rangi hizo mbili. Maandishi ya M AGRIPPA yaliyo juu ya baraza, jina la Agrippa aliyejenga Pantheon ya kwanza hapo kabla ya Hadrian, nimeprinti kwenye stika ya karatasi angavu.

Tofali nyingi nilizipata kwenye mitumba ya midoli, zinauzwa zimechanganywa na kila kitu, unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni halafu unajaribu moja moja kama inabana. Zile zisizobana vizuri zimeenda ndani ya ukuta, kwenye kuba sikuweka hata moja.

Kama unaanza usianze na duara. Chukua Maison Carrée ya pale Nîmes Ufaransa, hekalu la pembe nne, nguzo 6 mbele, na kwa 1:150 linakaa kwenye vinundu 22 kwa 11 hivi. Chora kwanza kwenye Studio ya BrickLink, programu ya kompyuta ya kuchora Lego, ni ya bure, inakuhesabia vipande vyote kabla hujatoa hela.