Ramani inayoongea: tulipofikia na madogo wa Jumamosi, Iringa

Haya wakuu, ramani imeanza kuongea.

Kwa ambao hawakuwepo, mradi wenyewe ni meza ya mbao tu, juu yake mimi na madogo wa mtaani tumefinyanga Iringa yetu kwa udongo wa Ruaha Mdogo, Kalenga ipo, Lugalo ipo, Tosamaganga, Mlambalasi, na boma la Mjerumani pale mjini, kila sehemu imechomekwa kipande cha foili na mtoto akikigusa laptopu inatoa sauti ya kilichotokea pale. Nilichoka kuona watoto wanakariri Mkutano wa Berlin 1884 mpaka 1885 kama wimbo halafu mnara wa Lugalo wanaupita na basi kila wakienda Dar hata shingo hawageuzi.

Umeme wake ni wa kimasikini lakini unafanya kazi. Nilichukua kibodi iliyokufa, nikaifungua, ndani kuna kale kabodi kadogo ka kijani kenye mistari ya vidoti vyeusi pembeni, ukiunganisha kidoti cha upande huu na cha upande ule kompyuta inajua umebonyeza herufi fulani. Shida vile vidoti ni vya kaboni, ukichomea waya risasi inateleza haishiki kabisa. Tulichofanya ni kulaza nyaya juu ya vidoti, tukaweka kipande cha raba ya ndala, juu yake kijiti, tukakaza kwa skrubu pande zote mbili. Imetulia mpaka leo. Halafu tukachagua herufi ambazo zote zinatumia mstari mmoja, ule mstari wa pamoja tukaupeleka kwenye mkuki. Ndio, mkuki! Fimbo yenye foili kichwani na waya mkiani, kwa sababu kidole hakifai, ngozi inapitisha umeme kidogo mno kwa kibodi ya namna hii. Nilidhani mkuki utakuwa usumbufu kumbe ndio umewavuta, kuna foleni ya kuushika.

Upande wa programu tunatumia Scratch, ile ya watoto ya kupanga amri kwa vipande kwenye kompyuta, haihitaji intaneti ukishaiweka kwenye mashine na lugha unaibadilisha kuwa Kiswahili. Herufi ikibonyezwa, cheza sauti, onyesha picha, basi. Dogo wa darasa la nne amepanga zote mwenyewe mimi nikiwa nakaanga mihogo.

Sauti tumezirekodi kwa simu kwa babu mmoja wa Kalenga. Nilitaka Kihehe kitupu, akakataa, akasema "hawa wajukuu zangu wa mjini hawasikii, watabaki wanacheka tu, niache niseme mara mbili". Kwa hiyo kila sehemu ina Kihehe kwanza halafu Kiswahili, na upepo wa Kalenga humohumo, sijaweza kuutoa na sijajaribu sana.

Sasa Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, liliuvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, likaumaliza karibu wote na yeye mwenyewe akafia pale. Madogo walitaka filamu, sawa, tukafinyanga watu wadogowadogo, simu juu ya kopo, unasogeza mtu kidogo unapiga picha, unasogeza unapiga, mpaka mgongo ukome. Walipopaka rangi wakawapaka jeshi zima la Mjerumani rangi nyeupe. Nikawaambia hapana jamani, Wazungu pale walikuwa wachache sana, wengi walikuwa askari Waafrika, Wasudani na wengine walioletwa kutoka kusini huko Msumbiji. Kimya. Halafu mmoja "sasa anko, kwa nini walikubali?" Hapo ndio nikajua ramani peke yake haitoshi, maana vita inajiuza yenyewe, mkuki na bunduki kila mtoto anaelewa, ila ukoloni wenyewe haukuwa ile asubuhi moja ya Lugalo, ulikuwa ni kodi.

Kwa hiyo tumetengeneza gemu ya kodi, na kwa maoni yangu ndio kitu bora kuliko vyote mezani hapo japo haina waya hata mmoja.

Mkwawa alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 baada ya kuwindwa miaka karibu minne tangu Kalenga ilipoangushwa Oktoba 1894. Na mwaka huohuo 1898 ndio kodi ya nyumba ilianza kukusanywa, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Basi kila mtoto anapewa nyumba (kiberiti), shamba la ulezi na mbuzi. Rupia hana. Kila raundi mkusanya kodi anapita anataka 3. Unaweza kuuza mbuzi, unaweza kubeba mizigo ya msafara, unaweza kwenda kwenye shamba la Mzungu, ila ukienda unakosa raundi ya kupanda na shamba lako linapata kadi ya magugu.

Kuna binti mmoja mpole sana, raundi ya kwanza kauza mbuzi akawa anacheka, ya pili kauza ulezi wote, ya tatu hana kitu akachukua kiberiti chake akaanza kukisogeza kuelekea mashambani, akaniuliza "sasa kwani nikikataa?" Nikamsomea kadi: nyumba inachomwa au unafungwa. Akasema huu ni wizi. Mwingine mjanja akapendekeza wahamie watatu kwenye kiberiti kimoja walipe kodi moja, darasa zima likashangilia. Nikatoa kadi ya 1905, kodi inahamishiwa kichwani kwa kila mwanaume mzima. Zile kelele majirani walidhani kuna mpira.

Na ukishafika 1905 huwezi kukwepa Majimaji, vita vya kumpinga Mjerumani. Tuna dogo ambaye kwao Njombe, Mbena, akasimama kwa fahari kwamba babu zake walishambulia misheni ya Yakobi mwaka huo. Wahehe wakamuuliza na sisi je? Ilibidi niseme ukweli, Wahehe wengi hawakuingia na wapo waliopigana upande wa Mjerumani. Dogo wa Njombe ametamba wiki nzima. Kuna mzazi alinipigia kwamba mambo haya yasisemwe kwa watoto, nikamsikiliza kwa heshima, ila kadi haitoki. Kama tunawaambia askari wa Lugalo walikuwa Waafrika basi tuwaambie na hili.

Kituo cha mwisho ni fuvu la Mkwawa, ambalo Wajerumani walilichukua. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, unasema Ujerumani itakabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengi kwa vipimo. Madogo wamepiga hesabu wenyewe, miezi sita imekuwa miaka 35, wameiandika kwa maka nyekundu pembeni ya meza. Swali la "walijuaje ni lake" bado wanabishana na mimi nimewaachia.

Kinachofuata: udongo wa upande wa Mlambalasi umepasuka, unafinyangwa upya. Spika nayo inakoroma. Na gemu ya kodi inahitaji mkusanya kodi mpya maana raundi iliyopita kila mtu alikuwa anaitaka ile nafasi, wameshagundua kwamba mkusanya kodi yeye haendi shambani, kwa hiyo nafikiria kumwekea naye kadi zake, asipofikisha hesabu anapata viboko. Mwenye kibodi mbovu hapa mjini asiitupe, tunataka meza ya pili ya Tukuyu na Mbeya.