Nilivyoamsha amplifaya ya vali iliyolala stoo miaka mingi

Ushauri unaotolewa sana kuhusu amplifaya kuukuu za gitaa zinazotumia vali (taa za kioo za kukuza umeme) ni huu: chomeka, washa, ukisikia mvumo subiri utaisha wenyewe. Unaniudhi kwa sababu unaua transfoma. Kapasita (vihifadhi chaji) kubwa za kuchuja umeme zina utando mwembamba wa oksidi juu ya alumini, na utando huo ndio unaozuia umeme kupenya. Kapasita ikikaa miaka bila volti, utando hudhoofika. Ipige volti 400 kwa ghafla na itavuja, itachemka, itapasuka au itakuwa shoti.

Yangu haiwezi kuwa ya kabla ya 1967. Mgongoni mwa potenshiomita (vidhibiti vya sauti vya kuzungusha) zimegongwa namba 1376723: 137 ni kiwanda cha CTS, 67 ni mwaka, 23 ni wiki. Kapasita zilishabadilishwa kabla haijawekwa stoo, na hazikuwa zimevimba wala kutoa majimaji. Zingekuwa za kiwandani ningezing'oa zote bila kuzijaribu.

Waya wa ukutani wa nyaya mbili niliutoa nikaweka wa nyaya tatu, ule wa ardhi ukafungwa kwenye chuma cha chasisi kwa skrubu yake yenyewe. Kile kikapasita kidogo kinachounganisha umeme wa ukutani na chasisi nilikikata. Kikifa kwa shoti, chasisi inashika umeme, na nyuzi za gitaa pia. Fyuzi iwe ya ukubwa ulioandikwa nyuma, si zaidi.

Wengi hukimbilia variaki (transfoma ya kubadili volti kwa kuzungusha), wapandishe volti polepole. Kwa amplifaya yenye rektifaya (kigeuza umeme wa AC kuwa DC) ya vali, kama 5U4 au GZ34, njia hiyo haisaidii: uzi wa rektifaya usipopata joto la kutosha, haipitishi kitu. Unazungusha kitufe muda mrefu, kapasita ziko sifuri, halafu ghafla zinapata mamia ya volti. Hapo umerudi kulekule kwenye kuwasha moja kwa moja.

Nilichofanya ni hiki. Nilichomoa vali zote isipokuwa rektifaya. Waya unaotoka rektifaya kwenda kapasita ya kwanza niliukata, nikaingiza hapo katikati rezista ya omu 100,000, wati 5. Hata kapasita ikiwa shoti kabisa, volti 400 zitasukuma miliampea 4 tu, yaani wati 1.6, na hakuna kitakachoungua. Uzuri wa njia hii ni kwamba rezista yenyewe inakuwa kipimo: weka mita kwenye ncha zake mbili, na kila volti 100 unazosoma ni miliampea 1 inayovuja. Mwanzoni usomaji huwa mkubwa, kisha unateremka kadiri utando unavyojijenga upya. Ukifika volti 10, kapasita zote kwa pamoja zinavuja miliampea 0.1, na hapo mimi naridhika. Kazi ni ya saa kadhaa. Ukikwama juu, au kapasita ikipata joto mkononi (zima na uondoe chaji kabla ya kugusa), hiyo ya kutupwa. Kama amplifaya yako ina rezista za kusawazisha sambamba na kapasita, nazo zinakula umeme, kwa hiyo usomaji hautashuka chini kabisa; zipigie hesabu kwanza. Pia angalia volti za kapasita zenyewe: vali zikiwa nje hakuna mzigo, na volti zinaweza kuvuka 450 zilizoandikwa juu ya kopo.

Kila nikizima, naondoa chaji kwa rezista ya omu 10,000, wati 5, kisha napima tena. Bisibisi ya kupigisha shoti sitaki kuiona karibu.

Baada ya kurudisha waya, niliwasha kupitia balbu ya uzi ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo kwenye laini. Balbu za LED hazifai. Iking'aa kidogo ikafifia, sawa; ikibaki na mwanga mkali, kuna shoti. Kabla ya kuchomeka vali za nguvu pima pini namba 5 ya soketi za 6L6 au EL34. Amplifaya yenye bayasi ya kudumu (volti hasi ya kutuliza vali za nguvu) lazima isome volti hasi. Ikisoma sifuri, usichomeke vali. Ikisoma chanya, kapasita ya kuunganisha (inayopitisha sauti kwenda vali za nguvu) inavuja, badilisha.

Spika iwe imeunganishwa, yenye omu zinazolingana. Zima taa ya chumba uangalie vali: mwanga wa katikati ni wa kawaida, lakini bamba la nje likianza kuwa jekundu, zima papo hapo.

Mvumo ukibaki, sikiliza ni upi. Pale umeme ni wa hezi 50, mvumo wa hezi 100 unaelekeza kwenye kapasita za kuchuja. Wa hezi 50 tafuta kwenye nyaya za hita (uzi wa kupasha vali joto) au za ardhi.