Ngozi yangu ilitulia nilipoanza kusoma nyuma ya chupa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ngozi ikikaza baada ya kunawa ndiyo imetakata. Nilikuwa nikimaliza kunawa uso, kabla sijaanika taulo, mashavu yameshavuta. Nikipanua mdomo kupiga mswaki nasikia ngozi ya pembeni mwa pua inataka kupasuka. Nikipitisha kidole, vigamba vidogo vinadondoka kwenye sinki kama vumbi la chaki. Basi napaka mafuta harakaharaka, na mafuta yenyewe yanachoma. Saa mbili baadaye uso umepauka upya na chini ya macho panawasha.

Mwenye ngozi ya namna hii hakosi washauri. Dada yangu alinigawia losheni iliyomkubali yeye. Rafiki akaniletea mafuta ya mimea yanayonukia vizuri mno. Mwingine akasema magamba dawa yake ni skrabu, nami nikasugua siku mbili mfululizo. Siku ya tatu niliamka shavu la kushoto linatoa majimaji, limegandana na foronya. Asubuhi hiyo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa ngozi.

Alinipa dawa ya kutuliza lile shavu, kisha akasema, “Kesho kutwa njoo na kila kitu kinachogusa uso wako. Kila kitu, mama, hata cha kuoshea nywele.” Nilirudi na mfuko wenye vitu 9, ila shampuu niliiacha nyumbani. Akavipanga mezani, akavigeuza kimoja kimoja mpaka migongo yote ikanielekea. Chupa nyingine nilikuwa nazitumia miaka na miaka, lakini upande ule sikuwahi kuusoma. Halafu akaisogeza sabuni yangu ya kipande mbele ya vingine vyote. “Wewe unahangaika na unachopaka,” akaniambia. “Mimi naanzia hapa. Unanawia nini?”

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu unapungua, ni kama 5 hivi. Sabuni ya kipande ya kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta: seli ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta ya asili, yaani seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayoshika kama udongo. Sabuni kali haichagui. Inaondoa jasho na vumbi, na inakwangua na ule udongo. Ukuta ukishapata nyufa, maji ya ndani yanavukia nje, ngozi inakauka. Na vya nje navyo vinapenya, ngozi inachoma. Nikaelewa kwa nini hata mafuta mazuri yalikuwa yananiuma. Nilikuwa nayapaka juu ya kidonda nisichokiona, na kidonda chenyewe nilikuwa nakifungua upya kila asubuhi na jioni.

Tukaacha vyote 9. Kwa wiki nne, muda ambao ngozi ya juu huhitaji kujifanya upya, nilitakiwa kuwa na vitu vitatu tu: cha kunawia kisicho sabuni, krimu moja, na ya kukinga jua. Kuvichagua hivyo vitatu ndiyo kazi iliyonitoa jasho, na ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri.

Kwanza nilijifunza kutoamini maneno ya mbele. Neno “hypoallergenic”, yaani kisichoelekea kuleta mzio, lilikuwa linanivuta kuliko yote, nikidhani limethibitishwa na mtu. Nchini Marekani, mamlaka inayosimamia vipodozi, FDA, inasema wazi kwamba hakuna kiwango cha kisheria cha neno hilo. Kampuni inaweza kuliandika kwa maana yake yenyewe. Neno “unscented” nalo lilinipotosha. Lina maana kwamba pua haisikii harufu, lakini ndani kunaweza kuwa na manukato yaliyowekwa ili kufunika harufu nyingine. Ninalolitafuta sasa ni “fragrance free”, yaani bila manukato, na hata hapo nageuza chupa nihakikishe. Na yale ya mimea? Mafuta ya lavenda, ya ndimu, ya mchaichai ni manukato kama manukato mengine, na ngozi iliyochoka haiulizi kama kilichoichoma kimetoka shambani au maabara.

Nyuma ya chupa viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kushuka chini. Vilivyo chini ya asilimia 1 ndivyo vinavyoweza kupangwa vyovyote. Kwa hiyo chupa ikijisifu mbele kwa kitu fulani, nami nikakikuta mwisho kabisa wa orodha, najua kimo kwa tone tu. Glisirini naipenda nikiikuta juu, maana inavuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Nafurahi nikiona seramaidi. Nikiona “parfum” au “fragrance”, narudisha. Nikiona “sodium lauryl sulfate” kwenye cha kunawia, narudisha pia. Hicho ndicho watafiti wanachokitumia maabara wanapotaka kuiwasha ngozi makusudi ili waipime.

Hapa nilikosea mara moja. Niliiacha krimu nzuri kwa sababu niliona “cetearyl alcohol”. Nilijua alkoholi inakausha, basi. Daktari ndiye aliyenirekebisha: inayokausha ni ile nyepesi inayovukia, huandikwa “alcohol denat.”, lakini cetearyl na cetyl ni za mafuta mazito, zinalainisha. Nilirudi kuitafuta ile krimu, na ndiyo ninayopaka mpaka leo.

Losheni niliziacha kabisa kwa uso wangu. Zina maji mengi, zinakauka haraka, nami nabaki nilivyokuwa. Krimu nzito iliyo kwenye tyubu au chupa ya kubonyeza inanifaa zaidi kuliko ya kopo, kwa sababu vidole haviingii ndani kila siku.

Sikuipaka usoni siku ileile. Kila kipya nilikipaka kwanza kwenye kunjo la mkono, upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Inachosha, nakiri, hasa ukiwa na uso unaouma na krimu mpya mezani. Lakini krimu ya kwanza niliyoijaribu ilikaa vizuri siku nne, na siku ya tano pale pale nilipopaka pakatoka vipele vidogo vyekundu vimebanana, vinawasha usiku kucha. Nilivitazama nikashukuru kwamba viko mkononi.

Namna ya kupaka nayo ilibadilika. Maji ya moto niliyaacha, nanawa kwa ya vuguvugu. Taulo nagusisha tu, sisugui, na krimu naipaka uso ukiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi. Usiku, juu ya krimu, nagusa mafuta ya mgando kidogo pembeni mwa pua na mdomo. Hayo hayaongezi maji hata kidogo. Kazi yake ni kufunga mlango yasitoke, na ndiyo maana ukiyapaka kwenye ngozi kavu kabisa unaona yanang'aa tu. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, na mpaka leo sijaona kinachoyashinda kwa kazi hiyo.

Ya kukinga jua ilinisumbua kuliko vyote. Mbili za mwanzo zilinichoma macho mpaka machozi. Zenye zinki oksaidi zilinikubali, ila kwenye ngozi yangu nyeusi ziliacha weupe kama wa majivu. Nilikuja kupata yenye rangi ndani yake, inayotokana na oksaidi za chuma, ikafanana nami vya kutosha.

Wiki ya tatu uso ulikuwa umetulia, isipokuwa mstari mmoja: kwenye paji la uso chini ya nywele, na nyuma ya masikio. Hapo ndipo nilipokumbuka lile agizo la kuleta hata cha kuoshea nywele. Shampuu ilikuwa inateremkia usoni kila nikioga, halafu mimi namtafuta mchawi kwenye krimu. Kwenye lebo yake kulikuwa na kihifadhi, yaani kinachozuia bidhaa isiharibike, kiitwacho “methylisothiazolinone”. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na Umoja wa Ulaya umekikataza katika vipodozi vinavyoachwa kwenye ngozi. Katika vya kusuuza bado kinaruhusiwa kwa kiwango kidogo, na kwangu hicho kidogo kilitosha.

Daktari hakutaka tuendelee kukisia. Ngozi ilipotulia alinibandika vibandiko mgongoni, kila kimoja na kiambato chake, nikakaa navyo siku mbili bila kulowesha mgongo. Akasoma vilipotolewa, akasoma tena siku mbili baadaye. Viwili vilikuwa vimevimba: mchanganyiko wa manukato, na kile kihifadhi cha shampuu. Akaniandikia majina yote mawili kwenye karatasi, pamoja na majina mengine yanayotumika kuyaandika. Karatasi hiyo nimeipiga picha, ipo kwenye simu. Nikisimama mbele ya rafu naifungua kwanza, ndipo nachukua chupa na kuigeuza.