Bendi yenye albamu tangu 1996, nikaianza mkiani

Julai 2021, Idi ya kuchinja inakaribia, chumba changu cha kushonea kimejaa vitambaa mpaka kitandani. Mtoto wa dada yangu akaja kuulizia kanzu yake, akanirushia albamu kwenye simu. "Mama mdogo, hii itakukesheza." Ilikuwa Blackest Blue ya Morcheeba, imetoka Mei mwaka huohuo. Mimi ni mtu wa taarabu. Bendi hiyo ya London hata jina nilikuwa silijui.

Usiku ule nilikuwa natarizi shingo ya kanzu. Sauti ya Skye Edwards ikaingia taratibu, kama mtu anayezungumza nawe jikoni wenzenu wamelala. Kisha gitaa la Ross Godfrey: chuma kinaburuzwa juu ya nyuzi, sauti haikatiki, inateleza tu kupanda na kushuka. Mkono ukasimama, sindano ingali ndani ya kitambaa. Nikairudia sehemu ile mara tatu.

Kesho yake nikamwambia kijana nazitaka zote. Akanipa ushauri unaoniudhi mpaka leo, maana wengi huutoa: "Anza na ile ya kwanza, ya 1996, uje nazo kwa mpangilio." Nikatii. Siku mbili nzima simu iko juu ya meza, cherehani inanguruma, na besi yote imemezwa. Muziki huu wa trip-hop, uliokulia Bristol mwanzoni mwa miaka ya 1990, umesimama juu ya besi nzito na mapigo ya hip-hop yaliyopunguzwa mwendo. Ukiikosa besi, umekosa kila kitu. Siku ya tatu nikazima.

Nikafuata akili yangu. Nilinunua hedifoni za waya, elfu tano au sita hivi, zinatosha kabisa. Mchana kazi ya cherehani, usiku nikajiwekea kazi za mkono tu: pindo, vifungo, tarizi. Na nikaenda kinyumenyume, kutoka albamu niliyokwisha kuipenda: ya 2018, ya 2013, ya 2010. Kila usiku moja, wala usizidishe.

Nilipofika ile ya 2008, Skye hayupo. Wanaimba watu wengine, mmoja hapa, mwingine pale. Nikasema kijana amenichanganyia mafaili. Nikafuta, nikapakua upya, bando likaisha, nikaongeza jingine. Watu ni walewale. Nikaruka kwenye ya 2005: mwanamke mwingine tena, Daisy Martey, anaimba vizuri tu, lakini sikio langu lilikuwa linamtafuta yule wa jikoni. Hapo nikaenda kusoma. Skye alitoka kwenye bendi 2003, akarudi na albamu ya 2010. Yaani mimi nilimsikia akirudi kabla sijajua kwamba aliwahi kuondoka! Nikaiweka tena ile ya 2010, na safari hii machozi yalinitoka. Ningefuata mpangilio wa kijana, ningeichukulia kama albamu nyingine tu.

Jambo jingine ambalo kurudi nyuma kulinionyesha: Paul Godfrey, kaka yake Ross na mtu wa mapigo, aliondoka baada ya ile ya 2013. Kadiri nilivyozidi kurudi, mkono wake ndivyo ulivyozidi kusikika.

Mkesha wa Idi nikaifikia Big Calm ya 1998. Natia vifungo vya mwisho. Sahani za santuri zinasuguliwa, krr-krr, zinajibizana na gitaa, na Skye ni msichana. Nilimtambua kabla hajamaliza neno la kwanza.

Alfajiri kijana akaja kuchukua kanzu awahi swala. Akaniuliza, "Mama mdogo, ile ya kwanza umeifikia?"

Nikamwambia imebaki hiyo tu, na nimeiweka ya leo usiku, wageni wakishaondoka.