Mikono imeota malengelenge

Jamani, nimerudi Singida mjini jana usiku, vumbi hadi kwenye kope. Siku mbili nilikuwa msitu wa Mgori na vijana wa kijiji, tunafyeka njia ya kuzuia moto. Mimi wa ofisini nilidhani kufyeka ni mchezo. Saa nne asubuhi tu nilikuwa nimeshakalia kisiki, kina mama wananicheka.

Mzee mmoja akanionyesha mzinga wa gogo juu ya mti. "Moto ukipita hapa, mjukuu wangu, nyuki wanahama. Asali utaipata wapi?" Akarudi kufyeka. Miaka yake na pumzi yake, nilinyamaza.

Huu msitu ulikuwa wa kukata tu na kuchoma mkaa. Miaka ya 1990 vijiji vitano vikagawana, kila kimoja kipande chake, na walinzi wao wenyewe na faini zao. Na faini hazibagui: kijana niliyefyeka naye aliwahi kutozwa kwa ng'ombe wa baba yake!

Mchana tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, chini ya mti. Wameniambia nirudi Juni ijayo, nije na fyekeo langu mwenyewe.